Hofu Iliyobaki kwa Dereva

Jorien Wesselink alikuwa mkata kwato za ng'ombe huko Achterhoek, Uholanzi, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye mabega ya mchukuzi na ulimi usiolala. Jumapili alikuwa abiria wa kaka yake, Wilco, katika mashindano ya pikipiki zenye kigari ubavuni, zile zinazorushwa juu ya vilima vya mchanga. Dereva hushika usukani. Abiria hujitupa huku na huku, mara nyuma, mara nje kabisa, ili chombo kisipinduke. Miaka tisa walifanya hivyo bila kuhitaji hata kusemeshana.

Mwezi wa Mei waliruka kilima cha tatu wakatua vibaya. Chombo kikamlalia Jorien, kikamvunja nyonga na mtulinga. Kila aliyekuja hospitalini na maua kumjulia hali alimwuliza kama atapanda tena. Wilco hakuuliza kitu. Alikaa dirishani akimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyala.

Machi walirudi uwanjani, wawili tu. Jorien alitapika nyuma ya gari, akajifuta, akapanda. Mzunguko mzima mikono ilikumbuka kazi yake. Kilima cha tatu kilipokaribia akajivuta nyuma, tayari kuruka. Ghafla injini ikanywea, pua ya chombo ikazama. Nusura wapinduke.

"Injini inakohoa," Wilco alisema akivua kofia.

"Injini ni nzima kama kigongo. Umekata mafuta kwa mkono wako."

"Mchanga umelowa, Jorien."

"Usinifanye mtoto, kaka. Miaka tisa niko mgongoni kwako. Ukimeza mate najua."

Wilco akainamia glavu zake. "Nikifika pale nasikia ule mlio. Mfupa wako. Mimi ndiye niliyekuvunja."

Miezi kumi watu walikuwa wakimhurumia Jorien, na huruma ile ilikuwa tamu. Akamshika mkono, wakapanda kilima kwa miguu, buti zikididimia.

"Hapa, siku ile, nilitakiwa niwe nimeshahamia kulia," alisema. "Nilichelewa. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia tutapita tu."

"Unanifariji."

"Nani akufariji wewe? Ni aibu imenishinda kuibeba."

Wilco alimkodolea macho. "Miezi kumi silali, na wewe unakula chokoleti ninazokuletea?"

"Zote."

Wilco hakucheka. Alimrudisha nyumbani, na wiki mbili hakupiga simu. Jumamosi ya tatu akasimama mlangoni, tela la pikipiki limefungwa nyuma ya gari. "Chukua kofia yako," alisema.

Walianza upya. Kwanza walikipita kilima taratibu, magurudumu yasiache ardhi, kisha wakaruka kidogo, kisha zaidi. Wakakubaliana kwamba Jorien akishakaa mahali pake atampiga Wilco kofi moja la mgongo. Bila kofi, hakuna kuruka. Siku nyingine walirudi nyumbani bila kuruka hata mara moja.

Agosti wakashindana. Walikiruka kilima mara kumi na moja, wakamaliza wa kumi na tisa kati ya ishirini na nne.

Baadaye, wakinywa supu ya njegere kando ya tela, Wilco alikiri kwamba mzunguko wa tano nusura akate mafuta.

"Nilihisi," Jorien alisema, akimega soseji. "Hata mimi nilifumba macho."