Sauti ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya alipotolewa uvimbe kooni, uhai ulibaki, sauti ikaenda. Mtu ambaye akikohoa tu ukumbi mzima ulinyamaza, sasa aliomba chumvi kwa kidole. Watu walimwambia ashukuru Mungu, naye akashukuru, kwa kutikisa kichwa.

Sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta kuukuu sebuleni: mazoezi ya miaka mingi, aliyorekodi ili waimbaji wasikie walipokosea. Kila jioni mkewe alifungua rekodi moja huku akikunja nguo, na nyumba ikawa tena na mwanamume anayesema.

Kisha kompyuta ikaanza kukwama, diski ikikwaruza kama panya darini. Mke akaipeleka kwa fundi, mwanamke mwenye kibanda nyuma ya duka la dawa, mwalimu akamfuata. Fundi aliitegea sikio.

"Mama, hii inakata roho. Wacha niinakili yote ilivyo kwenye diski mpya kabla haijatutoka."

Kazi ilichukua mchana kutwa. Diski ya zamani ilimaliza kunakiliwa, ikanyamaza, isiamke tena. Fundi akafunga mpya, akabonyeza kitufe. Feni ilizunguka, taa ikawaka, kisha skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja: mashine haikuona pa kuanzia.

"Ndiyo imekwisha?" mke aliuliza.

"Bado. Mgonjwa anapumua, ila hajui aamkie upande gani."

Alibadilisha waya, wapi. Akaingia kwenye mipangilio. Diski mpya ilionekana vizuri, tena ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya kuanzia. Basi waya haukuwa na kosa. Akaiwasha mashine kwa flashi yake na kuchungulia ndani. Mafaili yalikuwapo, kilichoharibika ni ile sehemu ndogo inayoielekeza mashine pa kuanzia. Akaijenga upya, akawasha. Picha ya harusi ya binti yao ikajaa skrini. Mke alicheka peke yake.

Mwalimu akavuta kiti, akafungua rekodi. Kimya. Akafungua nyingine. Kimya. Fundi akasogea, akatazama, akakaa chini taratibu.

"Mwalimu, majina yapo, lakini ndani hamna kitu. Diski ilikuwa imeoza kabla haijafika kwangu. Pale isiposomeka, nakala ilibaki tupu."

Mwalimu hakumtazama. Alizifungua zote, moja baada ya nyingine, na mkewe hakumzuia. Moja tu ilisema: "Sauti ya pili, mmechelewa. Rudini." Kwaya ikaanza, ikakatika.

"Maneno yote yale mazuri," mke alisema, "umetuachia ukali."

Mabega ya mwalimu yakatikisika. Fundi hakujua kama anacheka au analia, akajishughulisha na skrubu zake.

Baadaye mke alizunguka kwa waimbaji wa zamani, mlango hadi mlango, akiulizia nakala za rekodi. Walikuwa na nyimbo, wengi wao. Lakini nani angehifadhi maneno ya mwalimu akigomba? Walikuwa wakiyakata, wakibakiza wimbo.

Kompyuta haijagoma tena. Mke huifuta vumbi, ila nguo sasa anazikunjia chumbani. Mwalimu ndiye huifungua rekodi ile, anapodhani mkewe yuko jikoni na hasikii. Naye mke huliacha bomba likimwaga maji juu ya vyombo vilivyokwisha oshwa, ili mumewe aendelee kudhani hivyo.