Milembe, Paka Wake na Udongo wa Kichuguu

Milembe alipopata mimba, sisi majirani zake hapa Nkoma tulipiga vigelegele kana kwamba ni yetu sote. Yeye na mumewe Maganga walikuwa wameingoja tangu harusi yao, hadi wenye midomo wakaanza kumshauri Maganga aoe mke wa pili. Midomo hiyo nilitamani kuifinya kwa vidole vyangu mwenyewe.

Sasa, nyumbani kwao kuna paka anayeitwa Karani. Msimu wa pamba hulala juu ya rundo la pamba ndani ya nyumba, na panya hasogei. Lakini mama mkwe, Nyamizi, alisikia kwenye simu ya mtu kwamba paka huharibu mimba, akaja mbio na gunia. Karani akatupwe mbali, Lalago huko, asirudi. Milembe alilia, Maganga akakuna kichwa. Mwisho wakakubaliana wamuulize kwanza nesi wa zahanati. Nami nikafuatana nao, maana jambo kama hilo siwezi kusimuliwa.

Nesi Harieth alisema ni kweli, kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na mjamzito akivimeza vinaweza kumfikia mtoto na kumdhuru. Ila kumfukuza paka si lazima. Vijidudu hivyo hukaa kwenye udongo. Kisha akamuuliza Milembe kama anakula udongo.

Nani hapa kwetu amebeba mimba bila kula udongo? Wa Milembe ulitoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya zizi, na Karani alikuwa akichimba na kufukia choo chake palepale. Tulimwona kila siku, tukacheka tu.

"Mimi ndiye ninayemmegea," Nyamizi alisema. "Namletea kwenye kanga."

Harieth hakumgombeza. Alimwambia Milembe aache udongo kuanzia siku hiyo, ahudhurie kliniki bila kukosa, anawe mikono kwa sabuni, aoshe mboga vizuri na ale nyama iliyoiva kabisa. Choo cha paka kizolewe kila siku kabla hakijakaa, lakini asikizoe yeye.

Akizoe nani basi? Maganga ana zizi limejaa ng'ombe, na ufagio hajawahi kuushika tangu azaliwe. Kesho yake asubuhi nikasikia koleo linakwaruza, nikatoka. Ni yeye! Ameinama, anazoa mavi ya paka na kuyatia shimoni, na wanaume waliokuwa wakienda madukani senta wamesimama njiani wanamcheka. Mmoja akauliza Karani anamlipa mshahara gani.

Maganga alinyanyuka taratibu.

"Chekeni tu," akasema. "Mwanangu akizaliwa mzima, hata mavi ya fisi nitazoa."