Ngome ya Mwisho ya Tonton

Tonton wangu, mdogo wake mama, hakuwahi kuturuhusu tuguse kaseti yake ya mchezo wa video. Alikuwa amefika ngome ya mwisho, na betri ndogo iliyomo ndani ya kaseti ndiyo inayokumbuka alipofika. Jumapili iliyopita alikuja kwangu Tshopo, akanikabidhi kaseti mwenyewe niuhamishie mchezo kwenye kompyuta, kisha akakaa barazani kungoja.

Niliichomeka kaseti kwenye kifaa cha kuisoma, kinachopata umeme kwa waya kutoka kwenye kompyuta, nikaanza kunakili. Ukikatiza kunakili katikati, betri ile inaweza kusahau kila kitu. Lakini kompyuta ilikuwa na chaji. Umeme ukikatika haunihusu. Nilijiambia hivyo mara tatu, mjinga mimi.

Taa ikapepesa. Kwetu taa ikipepesa unarukia waya na kuuchomoa, kabla umeme haujarudi kwa hasira na kuunguza vitu. Tonton ndiye aliyetufundisha, tena kwa makofi. Mkono wangu haukuniuliza. Ulichomoa waya wa kwanza ulioukuta, nao ulikuwa wa kile kifaa kinachosoma kaseti.

Nikaurudisha, nikafungua mchezo. Hatua ya kwanza. Ngome hakuna.

“Umechomoa?” akaita tonton kutoka barazani.

“Nimechomoa, tonton.”

“Bon. Nilikulea vizuri.”