Protini Niliyoimwaga Mara Tatu

Nakumbuka Jumatano moja hapa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mwanangu, nilipomwaga kazi ya wiki tatu kwenye sinki, tena kwa hasira.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Muhima, najifunza kwenye maabara ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuchuja protini ya maziwa, kuiyeyusha, kisha kupitisha mwanga ndani yake kwa mashine nione chembe zake zinavyojikusanya zenyewe. Ijumaa ningesimama mbele ya walimu nieleze nilichopata. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwingine.

Basi chupa ikitoka kwenye barafu, maji maangavu. Nikiiweka kwenye mashine, joto likipanda, inageuka nyeupe kama uji. Nikaandika kwenye daftari, "Imeharibika," nikamwaga. Ya pili vilevile. Ya tatu nayo. Ah, ujana una haraka zake!

Mwalimu wangu, Mama Peripetuwa, alinikuta nimeinua ya nne, nayo imegeuka nyeupe, niimwage; ndiyo ya mwisho. Mpole yule mama, lakini siku hiyo aliwaka.

"Mama yako akiona maziwa yameganda, anayamwaga?"

"Hapana, mama. Tunakunywa ikivuguto, mtindi wetu."

"Ehe! Sasa hapa nani alikufundisha kumwaga? Rudisha kwenye barafu!"

Nikarudisha, tukangoja. Weupe ukaisha taratibu, maji yakawa maangavu tena. Haikuharibika hata kidogo: kwenye joto protini zilishikana, kwenye baridi zikaachana. Ndicho nilichokuwa nakitafuta! Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua raba nifute daftari, akanishika mkono.

"Acha. Utayasoma hayo Ijumaa mbele ya walimu."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini chupa moja ilibaki. Siku mbili sikukaa kitako. Nikapandisha joto digrii moja moja, nikashusha moja moja, nikaandika kila namba, hata isiyonipendeza. Ijumaa nilianza kwa kusoma "Imeharibika" zote tatu. Mwalimu mmoja akacheka. Nikaendelea mpaka mwisho, na nafasi yangu hakupewa mtu.

Mwanangu, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kitu kikienda kinyume na ulivyotarajia, usikimbilie kukiita kibovu. Kiulize tena kwa njia nyingine. Na ukikosea usifute. Lisome kosa lako kwa sauti, hata wakicheka, kisha urudi kazini. Mungu akujalie moyo wa kusema "nilikosea" mbele za watu, na nguvu za kuanza upya siku hiyohiyo. Haya, nenda kafanye kazi, na baraka zangu ziwe juu yako.