Moyo wa Ng'ombe Darasani

Katika shule yetu ya Bunia kulikuwa na picha moja tu ya moyo wa binadamu: kubwa, ya rangi, ndani ya kioo, imetundikwa ofisini kwa prefe, mkuu wa shule. Wageni walinywa chai chini yake. Mimi niliyefundisha biolojia niliiomba picha ile miaka mitatu, nikajibiwa kwamba wanafunzi wataichafua. Haya, baki nayo.

Nikaenda sokoni kwa mchinjaji. Yeye alizoea kukata mishipa karibu kabisa na nyama, maana nani anakula bomba? Ilibidi nisimame mbele yake kila mara nimwambie, "Baba, uachiye ile mushipa ikuwe murefu." Alinicheka, akaniita mwalimu wa nyama. Lakini aliuacha.

Siku mkaguzi alipokuja, miaka ile ya Zaire, nilijua kinachopimwa si somo. Prefe alitaka nihamishiwe sehemu ya ushonaji. Aliwahi kuniambia mbele ya walimu wenzangu kwamba sayansi ni kazi ya wanaume, na mwanamke sindano inamtosha. Kilichobaki kwake kilikuwa ripoti mbaya tu. Nilikuwa nimekasirika kabla hata kengele haijalia.

Nikaweka moyo wa ng'ombe juu ya meza. Nikamimina maji ndani ya mshipa mkubwa, ule unaotoa damu moyoni. Hayakushuka. Yalitulia mle kama chai kikombeni, nikawaita wanafunzi mmoja mmoja watazame ile milango mitatu midogo iliyojifunga yenyewe. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Kumbe njo maana damu hairudie!" Nilitamani kumkumbatia.

Mkaguzi, aliyekaa pembeni na karatasi zake, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa amri miaka ile, akauliza, "Citoyenne, materiel ya kufundishia iko wapi?"

"Njo hii, baba."

"Hii ni nyama. Miye nauliza picha."

"Picha iko mu biro ya prefe. Asubui ulikunywa chai chini yake."

Darasa zima likacheka. Prefe, aliyesimama mlangoni, hakucheka. Mkaguzi akaandika kwenye mstari wa vifaa neno moja, "hakuna", kisha akanisogezea karatasi na kalamu nitie saini. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na siku ile kisu walikuwa nacho wao. Kalamu niliikataa. Nikabonyeza kidole gumba changu, bado kina damu ya ule moyo, juu ya neno lake.

"Peleka vile," nikamwambia. "Bakubwa kule Kisangani batauliza hii damu ilitoka wapi."

Sijui kama wakubwa wake wa mkoa waliuliza. Ninachojua ni kwamba mwaka wa shule uliofuata nilinyang'anywa biolojia, nikapewa wasichana wa kushona. Nililia, sitaficha. Nililia kwa hasira siku mbili nzima, na mtu yeyote aliyekuja kunipa pole nilimfukuza. Siku ya tatu nikapita sokoni.

Mchinjaji aliponiona akaanza utani wake. "Mwalimu, si banasema sasa weye unashonaka?"

"Njo vile," nikamjibu. "Leta moyo. Na ile mushipa, ikuwe murefu."

Wasichana walikuwa wamekaa na vitambaa vyao magotini, nyuzi zimeshatungwa kwenye sindano. Nikauweka moyo mezani, nikaupasua kwa kisu kutoka juu hadi chini. Wengine wakaziba midomo. Mlango wa darasa niliuacha wazi, ili prefe akipita aone vizuri.

"Leo tunashona hii," nikasema. "Lakini fundi hashone nguo yenye hajue. Kwanza muniambie: damu inaingilia wapi?"