Mama kashika maiki mkutanoni

Jamani, leo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nipo kwenye mkutano wa kimataifa hapa Morogoro, unahusu elimu ya ufundi na jamii za asili. Nimesimama mbele naeleza ninavyowafundisha wasichana wa Uluguru kuchomelea mageti kule Kihonda.

Mama naye kaalikwa, ameshuka kutoka mlimani na kikundi chao cha wafinyanzi. Kijijini huwa anasema mimi ni karani!

Ukafika muda wa maswali. Nani kanyoosha mkono? Mama.

Nikajua nimekwisha.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Nilikuwa naona haya kusema anachomea vyuma. Leo nimemsikia. Nina wajukuu wawili wa kike, wamemaliza shule, wamekaa tu nyumbani. Mwalimu, utawapokea lini?"

Mwalimu! Mama yangu kaniita mwalimu!

"Hata Jumatatu, mama."

Mkalimani alipomaliza kutafsiri, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mimi nalia, mama anapiga vigelegele.

Saa hizi yuko nje na wageni, anawaonyesha geti la ukumbi: "Lile kalitengeneza mwanangu."

Sijalitengeneza mimi. Lakini wewe ungemkatiza?