Leo nimekutana na sister aliyekuwa ananiambia ningoje nje

Mke wangu Wambui alikufa mwezi wa tatu. Stroke, kiharusi cha pressure.

Leo nimeitwa dispensary huku Ruiru niongee na manesi. Wanafundishwa kusaidia watu wako na ugonjwa wa kusahau, kama Wambui.

Mimi ni mtu wa mjengo, kazi ya kujenga nyumba, siwezani na hotuba. Halafu nikaona sister, yule nesi aliyekuwa anamhudumia Wambui kliniki, amekaa hapo nyuma.

Nikasema tu vile ilikuwa. Kila clinic Wambui anaulizwa, "Mama, dawa ya pressure unameza?" Anajibu, "Ndio, daktari," na kucheka vizuri. Inaandikwa anameza.

Na nyumbani alikuwa anaficha dawa kwa mkebe wa unga. Nilijua. Hakuna mtu aliniuliza.



Sister akasimama. "Baba Njeri, ni mimi nilikuwa nakuambia ungoje nje."

Wote wakageuka kuniangalia. Na vile nimembebea huyo sister maneno mabaya moyoni tangu mazishi, wacha tu.

Nikamwambia, "Ni wewe. Lakini na mimi ningefaa kubisha mlango niwaambie. Niliogopa utaniona sijasoma."

Akakaa chini, akaanza kulia.

Mwalimu wao akasema tupumzike kidogo. Nikakataa. Nikamwambia waandike kwanza: mgonjwa akiulizwa, muulize pia mtu anaishi naye.

Waliandika wote. Sister pia.

Wenye mko na mzazi anasahau, nyinyi huwa mnaingia naye ama mnangoja nje? Niambieni hapa.

Mimi kesho narudi mjengo, Murera.